Panya wa Kopo la Misheni

Mwizi wa mchele wa misheni nyumbani kwangu nilikuwa mimi. Nalitaja mapema ili usije ukanipenda bure.

Kijijini kwetu hakuna mwanamke anayepika wali bila kuchota konzi moja kwenye mchele aliokwisha kuupima na kuitia kwenye kopo la misheni. Asubuhi konzi, jioni konzi. Mama yangu alifanya hivyo, na mama yake kabla yake. Kila Jumamosi akina mama wa kanisa hupita nyumba kwa nyumba na vikapu mgongoni, wanakusanya, mchele unauzwa. Kwa njia hiyo nyumba zetu sitini, zilizopangana juu ya mgongo wa mlima, zilimtuma mtu mmoja Kambodia kufundisha watoto na kuwahubiria watu, zikamlisha na kumvika huko miaka mitatu. Mtu huyo ni binti yangu, Lalhmingliani. Sisi tunamwita Hmingi. Sina mtoto mwingine.

Sikutaka aende. Mimi niliacha shule darasa la tano, naendesha pikapu, na maneno laini sikufundishwa. Siku anaondoka nilimwambia, "Watoto wa kufundisha wako hapahapa, wamejaa kamasi." Akacheka. Nilimpeleka mwenyewe hadi uwanja wa ndege, kutwa nzima ya kona na mavumbi, na sikusema neno lingine.

Miaka mitatu ilikuwa inakwisha. Jumapili ya mwisho ya Januari kanisa letu lilikuwa liamue kama litamchukua kwa miaka mitatu mingine. Likisema haliwezi, Hmingi anarudi nyumbani. Nilikuwa nimeuzungushia duara mwezi ule kwenye kalenda, na mke wangu Saitluangi alidhani nimeweka alama ya kubadilisha oili ya gari.

Ndipo mianzi ikachanua. Inachanua mara moja katika miaka arobaini na minane. Panya wanakula mbegu zake, wanazaana bila kipimo, na mbegu zikiisha wanateremkia mpunga. Babangu aliyaona hayo akiwa kijana, na mpaka anakufa hakuwahi kutupa punje ya wali. Kwenye shamba langu waliingia usiku mmoja tu. Asubuhi mabua yalikuwa yamesimama wima, na juu yake hakuna suke hata moja.

Nilisimama pale na nikasikia, Mungu anisamehe, kitu kama furaha. Kijiji kisicho na mchele kitamlisha vipi mtu aliye Kambodia?

Tulikuwa bado na magunia mawili ya mwaka uliopita. Saitluangi akaendelea na konzi yake kama kawaida, na mimi nikaona nisaidie mambo yaende haraka. Akitoka kwenda kuteka maji, nafungua kopo, nachota konzi moja, mbili, narudisha kwenye gunia. Sikula hata punje. Nilitaka tu Jumamosi kopo litoke jepesi, akina mama waseme, hata kwa Baba Hmingi hali ni mbaya.

Wiki ya pili akaniita jikoni.

"Baba Hmingi, njoo uone. Panya wa mwaka huu wana akili. Anafungua kifuniko, anakula, halafu anafunika tena."

"Labda amesoma kuliko mimi," nikasema.

"Hata paka amesoma kuliko wewe." Akatafuta jiwe, akaliweka juu ya kifuniko. "Haya, tuone."

Nilikuwa nalinyanyua jiwe, nachota, nalirudisha. Lakini kila Jumamosi kopo lilikuwa limefika palepale linapofikaga siku zote, kwenye ukingo. Sikuelewa. Nikaongeza wizi. Kopo likazidi kujaa. Nikaamua kwamba sijui hesabu, jambo ambalo mwalimu wangu wa darasa la tano alishanieleza.

Mchele ulipokwisha kabisa, kijiji kizima tukaingia msituni kuchimba viazi pori. Ni kazi ngumu. Kiazi chenyewe kinajificha chini kuliko urefu wa mkono, na ukikipata lazima ukichemshe, umwage maji, ukichemshe tena, la sivyo koo litakuwasha wiki nzima. Kopo sikulifungua tena. La nini? Mchele hakuna, konzi hakuna. Mpango wangu ulikuwa umetimia bila mimi. Saitluangi alikonda, lakini nani hakukonda? Siku moja pete yake ya ndoa ilidondoka kwenye beseni akiosha vyombo, akaivaa kidole gumba.

Jumamosi ya mwisho kabla ya kikao, Mama Biakmawii, mkuu wa akina mama wa kanisa, alikuja kwangu. Ni mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuita watu mlima wa pili.

"Baba Hmingi, washa gari lako. Leo tunakusanya kwa gari."

"Mnakusanya nini? Hewa?"

"Wewe washa gari. Wanawake wangu hawana nguvu za kubeba vikapu."

Nikawasha. Nilifurahi, nisikufiche. Nilitaka nione kwa macho yangu makopo matupu sitini, ili Jumapili nisimame nikiwa na ushahidi.

Nyumba ya kwanza ilikuwa ya Mzee Rokima, mzee wa kanisa. Mkewe akatoka na kopo, akalimimina kwenye gunia. Kikatoka kitu kikavu, chenye kelele kama vijiti. Nikachungulia. Vipande vya viazi pori, vimekatwa vyembamba na kukaushwa kwenye kichanja juu ya meko.

"Hivi nini?" nikauliza.

"Konzi," akasema yule mama.

"Konzi ya mchele naijua. Hii ni konzi ya nini?"

"Ya tulichokula." Akanitazama kama mtu anayemweleza mgeni. "Nani alikwambia Mungu anakula mchele tu?"

Nyumba ya pili, viazi. Ya tatu, viazi na machipukizi ya mianzi yaliyokaushwa. Ya nne ilikuwa na watoto watano na baba mgonjwa. Nikamwambia Mama Biakmawii tuipite. Akashuka kabla sijasimamisha gari. Kopo lao lilikuwa limejaa kama la mzee wa kanisa. Hakuna aliyekuwa amewatangazia wafanye hivyo. Hakukuwa na kikao wala tangazo. Kila mwanamke jikoni kwake, mchele ulipokwisha, alikata kiazi na kabla hakijaingia chunguni akatoa sehemu ya konzi, na hakuna aliyemuuliza jirani yake.

Nyumba ya thelathini na kitu tulifika kwa Bibi Darkimi. Ana miaka themanini, anaishi peke yake, na alishayaona haya yote mara moja akiwa mama kijana. Tulimkuta amechutama mbele ya meko yasiyo na moto. Kopo lake lilikuwa na vipande vichache tu.

"Mmewahi, wanangu," akasema. "Bado sijala leo. Ngojeni kidogo."

"Bibi, usijisumbue," nikasema. "Vilivyomo vinatosha."

"Vinamtosha nani? Wewe?" Akaingiza mkono nyuma ya meko akatoa kiazi kimoja, kidogo kama ngumi ya mtoto. Nilitafuta kwa macho kingine. Hakikuwepo. Akachukua kisu, akakata, na sehemu aliyokata ilikuwa karibu theluthi nzima. "Konzi inatoka kwanza, chungu baadaye. Kinyume chake ni makombo." Akanipa ile sehemu mkononi, mbichi, yenye utelezi. "Huyu Hmingi wako bado anaimba kwa pua?"

"Bado, Bibi."

"Mwambie afungue mdomo. Watu wa huko watadhani Injili ni mafua."

Mama Biakmawii alicheka mpaka akashika mlango. Mimi sikuweza. Nilirudi kwenye gari na kile kipande mkononi, na nilishindwa kukitupa ndani ya gunia pamoja na vingine. Nilikiweka juu ya dashibodi. Nimeendesha milima hii miaka ishirini na sita, kwenye ukungu na kwenye maporomoko, na sikuwahi kukata kona polepole kama siku ile, kisije kikadondoka.

Nyumba yangu ilikuwa ya mwisho. Saitluangi akatoa kopo kwa mikono miwili. Lilikuwa limejaa hadi juu, na kando yake aliweka bakuli, nalo limejaa.

"Mbona kwako mara mbili?" Mama Biakmawii akauliza.

"Kuna panya," akasema mke wangu. "Wakati wa mchele alikuwa akila humu. Sasa kitu cha misheni kikiliwa nyumbani kwangu ni deni langu, si lake. Nimekuwa nikitoa konzi mbili, nyingine tatu. Bado sijamaliza kulipa."

"Unazitoa wapi?" nikauliza. Nilishajua.

"Kwenye sahani yangu. Ningezitoa wapi? Wewe unaendesha gari, ukizimia porini nani atakuokota?"

Nilitazama kile kidole gumba chenye pete.

"Panya ni mimi," nikasema.

Nyumba zetu husimama juu ya nguzo, na chini ya sakafu nguruwe wetu wa mwisho alikuwa akijikuna kwenye nguzo.

"Nilitaka Hmingi arudi," nikasema. "Mchele niliurudisha kwenye gunia. Hatukuula. Yaani, tuliula baadaye. Wewe... wewe hukuula."

Saitluangi akachukua jiwe lililokuwa juu ya kifuniko, nikadhani linakuja kichwani. Akalitupa nje ya dirisha.

"Unadhani mimi sitaki arudi?" akasema. "Kila nikichota konzi nasikia kama namkata kucha akiwa mtoto. Naogopa kumuumiza, na naogopa kuacha." Akaingia chumbani.

Mama Biakmawii alinipiga begani kwa ngumi, kwa nguvu, akaenda kupanda gari.

Jumapili, baada ya ibada ya mchana, kikao kilikaa. Mzee Rokima alieleza kwa kifupi: miaka mitatu imekwisha, kila mtu anajua hali. "Mwenye neno aseme." Vichwa vikanigeukia. Kijiji kizima kilijua ninachotaka. Hotuba nilikuwa nimeiandaa miezi mitatu, kwenye kona zote za barabara.

Nikasimama. "Magunia yako kwenye gari," nikasema. "Kesho alfajiri nayashusha mjini. Nahitaji mtu wa kunisaidia kufunga turubai."

Wakasimama wanaume tisa. Kikao kikaishia hapo.

Njiani kote nilikuwa na aibu. Nilijiona ninavyofika kwenye uwanja wa ofisi ya misheni, mbele ya watu wa mjini waliovaa viatu safi, na magunia ya vitu ambavyo nguruwe angevifikiria mara mbili. Nani atanunua? Nilikata kona ya mwisho nikaona foleni ya magari imefika barabarani.

Yalikuwa malori, pikapu, hata farasi wawili wa mizigo. Madereva wengine nawafahamu, wanatoka milima ambayo kutoka kwetu inaonekana kama moshi, siku mbili za barabara. Nikashuka nikatembea kwa miguu katikati yao. Magunia yalikuwa wazi. Viazi pori. Viazi pori. Machipukizi ya mianzi. Pilipili. Vitita vya kuni. Mabua laini ya migomba, yamekatwa na kufungwa kwa kamba. Gunia baada ya gunia, uwanja mzima, hadi kwenye ngazi za ofisi. Kila mahali panya walipopita, wanawake waliokuwa hawajuani, wasio na simu wala barua, walikuwa wamekata kiazi kabla ya chungu. Nilivua kofia. Sikujua namvulia nani. Nilisimama pale na kofia kifuani kama mtu aliyeingia kanisani kwa mlango usio wake.

Na langoni watu wa mjini walikuwa wamepanga mstari wa kununua. Walikuwa wanalipa bei ya mchele. Mwanamke mmoja mwenye saa ya dhahabu alichukua kilo tano kutoka kwenye gunia langu, akavinusa.

"Kaka, hivi vinapikwaje?"

"Chemsha, mwaga maji, chemsha tena. Na kabla ya kuchemsha, toa konzi."

"Hilo najua," akasema, kama vile nimemtukana.

Karani akaniita kutoka dirishani. Binti yangu alikuwa ameacha ujumbe kwamba baba yake akifika mjini apige simu. Wakanipigia, nikapewa mkonga wa simu. Kulikuwa na mvumo kama wa mto, kisha sauti yake, kwa pua kama zamani.

"Baba? Nimesikia habari za panya. Nimesikia mnachimba msituni."

"Kidogo."

"Nimeandika barua kwa kanisa, Baba. Bado sijaituma. Naomba kurudi. Siwezi kula samaki hapa na Mama ana njaa. Ukisema nirudi, wiki ijayo niko nyumbani."

Miaka mitatu nilikuwa nimeyangoja maneno hayo. Kupitia dirisha niliona uwanja, na magunia, na pikapu yangu, na juu ya dashibodi kile kipande cha Bibi Darkimi ambacho bado sikuwa nimekiuza.

"Ichane hiyo barua," nikasema.

"Baba..."

"Kuna bibi kizee amekukatia kiazi. Ukirudi utamwambia nini?"

Mvumo wa mto ukaendelea.

"Na Mama je?"

"Mama anakula. Tangu juzi namkalia mezani mpaka amalize sahani. Na anasema uache kuimba kwa pua. Hapana, huyo ni Darkimi. Basi, kata simu, mwanangu. Simu hii ni ya misheni."