Chanuo la Mwenye Zamu

Zamani, ukitaka kujua nani kaposwa, nani kanuniana na mkwewe, na nani kapaka nyumba rangi ili kumuudhi jirani tu, hukuhangaika. Ulikwenda kusukwa kwa Shangazi.

Sebule yake ilikuwa na dirisha moja, mabenchi mawili na kigoda, lakini ilimeza watu kama gunia. Shangazi alisuka macho yakiwa kichwani mwa mteja na masikio yakiwa kila kona. Wanawake watano wakisema kwa mpigo, aliwasikia wote, na mistari yake ikanyooka kama uzi uliovutwa. Rafiki yake wa tangu usichana, ambaye mtaa mzima ulimwita Kasuku, alikuwa na kicheko kilichoanza na mluzi mwembamba kwenye pengo la meno, kisha kikabomoka kama ukuta. Hata akiwa jikoni, Shangazi aliusikia mluzi ule, akaanza kucheka kabla hajajua kinachochekwa.

Kisha usikivu ukaanza kuondoka, kama mgeni asiyeaga. Mluzi ndio uliotangulia. Ikambidi Shangazi ainue macho asome midomo, na kila akiyainua, mstari ukapinda. Wateja wakajitazama kwenye kioo, wakashukuru, wasirudi tena. Waliobaki akiwauliza, "Eh? Kasemaje?" walimpungia mkono: "Ah, si kitu." Maneno hayo yalimchoma kuliko pasi. Alikuwa anafukuzwa sebuleni kwake mwenyewe huku kakaa katikati yake.

Binti wa kaka yake ndiye aliyemkokota kwenda kupimwa. Akarudi na vifaa viwili vya kusikia, vidogo, vimejibanza nyuma ya masikio. Mtaalamu alimwambia avivae kila siku, aanzie mahali patulivu, maana akili iliyozoea kimya hujifunza kelele upya. Akajifunza. Kandambili zake, mfuniko wa sufuria, ufagio! Aliuchekea ufagio kama ndugu aliyerudi safari ndefu.

Akajiona kaiva. Jumamosi akawaita wote, kama zamani. Binti wa kaka yake akakaa kigodani.

"Mistari inyooke, Shangazi. Jumatatu naanza kazi mapokezi, watu wote watanitazama kichwa."

"Tulia, mwanangu. Umekaa kwa fundi."

Lakini nyumba ilipojaa, sauti zilimmwagikia kama kokoto juu ya bati. Feni, vikombe, mabenchi, midomo, vyote kwa pamoja. Akainua macho kumtafuta msemaji. Alipoyarudisha, mstari ulikuwa umekwenda kama njia ya mbuzi. Akaufumua. Binti wa kaka yake akaupapasa kwa kidole.

"Kasemaje?" Shangazi akauliza.

"Si kitu," akajibu Kasuku, kisha akavitolea macho vile vifaa. "Mwenzangu, na vidude vyote hivyo? Ndiyo maana wahenga wakasema, sikio la kufa halisikii dawa!"

Wakacheka. Shangazi akapeleka mkono nyuma ya sikio avivue, aende zake chumbani, awaachie sebule na soga zao. Vidole vikagonga chanuo kubwa la mbao alilokuwa kalichomeka nyweleni mwake mwenyewe. Akalichomoa.

"Sikio langu halikufa, lilikuwa limelala," akasema. "Na aliyetoka usingizini hasemeshwi na kijiji. Anayetaka kusema, alishike hili chanuo. Asiyelishika, afunge bakuli lake. Na zimeni hiyo feni."

"Makubwa! Tutapasuka!"

"Pasukeni kwa zamu."

Kasuku, nani mwingine, alilinyakua wa kwanza. "Haya, nianzie wapi?"

"Anzia pale uliponiambia si kitu."

Kasuku akaligeuzageuza chanuo mkononi. Kisha akaanza na kisa alichomnyima miaka ile, cha jirani aliyenunua kochi lisilopita mlangoni. Sauti moja, peke yake. Mwanzo Shangazi alimtazama mdomo. Baadaye akainamisha macho, akaona bado anasikia, na mikono ikashika njia yake ya zamani. Chanuo likihama, aliinua macho kujua liko kwa nani, akayashusha.

Kisa kilipofika pale jirani amenaswa ndani, kochi limeziba mlango, anapitishiwa chai dirishani, sebule ikalipuka. Na mbele ya kicheko cha Kasuku, mwembamba kama zamani, ukapita mluzi.

Mikono ya Shangazi ikasimama.

"Shangazi, unalia?"

"Ah, si..." Akajizuia. "Hebu leteni hilo chanuo."

Akalishika, akawaeleza habari za mluzi. Wote wakamgeukia Kasuku, aliyeziba pengo lake kwa kiganja kama msichana.

Jioni binti wa kaka yake alijigeuza mbele ya kioo, kushoto, kulia, akambusu shavu. Mistari ilikuwa imenyooka.

Ila chanuo halikuonekana. Kesho yake asubuhi Shangazi akasikia hodi mlangoni, na alikuwa bado jikoni. Ni Kasuku.

"Nilisahau nikaondoka nalo. Nimekuja kulirudisha tu, sikai."

Shangazi akamsogezea kigoda kwa mguu.

"Si umelishika? Haya, sema."