Mpare Aliyekataa Gari la Bima

Siku hizi vijana wetu wanakodi gari kwa kubonyeza simu, wala hawaongei na mtu. Nikiwaona namkumbuka Elisante, na nacheka peke yangu mpaka watu wananiangalia.

Ilikuwa mwaka tisini na nane, Silver Spring, ughaibuni. Mimi, Gervas, Mchaga wa Kibosho, nilikuwa napaki magari ya wakubwa kwenye jengo moja mjini. Elisante, Mpare wa Usangi, nilikuwa naye apatimenti moja. Chini yetu alikaa Aketch, Mkenya wa Kisumu, nesi wa zamu za usiku. Alikuwa na ufunguo wa kwetu kwa sababu, alisema, wanaume wawili wanaweza kuungua na maharage yao jikoni na dunia isijue.

Elisante alikuwa anamhudumia mzee mmoja kule Laurel, Bwana Whitlock, mjane, mfanyakazi wa zamani wa reli. Mzee mkali kama pilipili ya kukaanga. Wahudumu waliotangulia aliwafukuza wote, mmoja kwa sababu ya kuimba. Lakini Elisante alimweza. Alfajiri anamwamsha, anamnyoa ndevu, anampikia uji wa shayiri, halafu wanabishana kama mvua itanyesha. Mwaka uliotangulia baba yake Elisante alifariki Usangi, na nauli haikupatikana. Mazishi aliyasikia kwa simu, sisi tumekaa naye sakafuni. Tangu hapo nilikuwa namwona akitoka kwenda Laurel na wembe mpya mfukoni, na sikumtania kwa hilo. Kwa mengine yote nilimtania.

Sasa, Laurel saa kumi na mbili asubuhi huwezi kufika bila gari. Basi halijaanza, na treni za asubuhi zinateremka kwenda mjini, hazipandi. Elisante alikuwa na Corolla yake nyekundu iliyochakaa. Basi asubuhi moja ya mvua, amesimama kwenye taa za Georgia Avenue, gari la kusambaza mikate likaja likampiga kwa nyuma. Mikate ikamwagika barabarani. Polisi alipofika alimkuta dereva wa mikate ameketi ukingoni anakiri makosa yote, na Elisante, aliyegongwa, anamsaidia kuokota mikate.

Yeye hakuumia. Corolla ndiyo iliyokufa. Bima ya kampuni ya mikate ilituma fundi akaliangalia, akasema kulinyoosha kutazidi thamani ya gari lenyewe, kwa hiyo watamlipa bei yake na wao watachukua chuma. Sawa. Hapo hakuna ugomvi.

Siku chache zikapita. Elisante akawa anapelekwa Laurel na Aketch, ambaye alikuwa anatoka kazini usiku mzima hajalala. Asubuhi moja Aketch alisinzia kwenye taa nyekundu, Elisante akamgusa bega, wote wawili wakaogopa. Jioni yake Aketch akatuambia jikoni kwetu kwamba hawezi tena, atakuja kuua mtu na yeye kazi yake ni kuponya. Na msimamizi wa wakala wa wahudumu aliyemwajiri Elisante, Lorraine, akampigia simu: Jumatatu, kama hana usafiri wake mwenyewe, Bwana Whitlock anapewa mtu mwingine. Moja kwa moja, siyo kwa muda.

Ndipo mimi nikauliza swali ambalo nilipaswa kuuliza tangu mwanzo. Nikasema, kwani hawa bima hawatoi gari la kutumia wakati unasubiri malipo yako? Pale kazini nilikuwa naona wateja wanakuja na magari ya kukodi, ukiwauliza wanasema wamegongwa, bima ya aliyewagonga inalipa.

Elisante akasema, wanatoa. Yule mama wa bima alishamwuliza.

"Akakuulizaje?" Aketch akasema.

"Akauliza kama nitahitaji gari la kukodi."

"Na wewe ukasema?"

"Nikasema hapana asante, nitajikongoja tu, asijisumbue."

Aketch akanigeukia, mimi nikamgeukia Elisante.

Ikabidi Elisante aeleze, na alieleza kwa utulivu kabisa, kama mtu anayefundisha Sunday school. Kwao, yeye akiwa mwana wa mwinjilisti, ukikaribishwa chakula unakataa. Ukikaribishwa tena unasema umeshiba. Ukikaribishwa mara ya tatu unanawa mikono. Mtu anayepokea mara ya kwanza amelelewa porini. Kwa hiyo alipokataa, alikaa na simu sikioni akimngoja yule mama arudie. Yule mama akasema vizuri sana, akaendelea na mambo mengine. Elisante akajua ana shughuli nyingi, atapiga tena.

"Ati unangoja nini?" Aketch akamwuliza.

"Anibembeleze kidogo."

"Elisante, huyo mama hakukuzaa. Hatakubembeleza. Ameshakusahau, saa hii ako kwa lunch."

Mimi nilikuwa nimeshika meza nisianguke. Nikamwambia, ndugu yangu, Wapare ninaowajua mimi wanauza ng'ombe kuendesha kesi ya kuku. Wewe umetoka Usangi ipi, unayepewa haki yako unaikataa? Kwenu wakijua watakufuta kwenye ukoo. Akanijibu kwamba angekuwa ni mimi, Mchaga, ningelichukua gari, nikalikodisha kwa watu wengine, nikarudi kuomba la pili. Hilo sikulibishia.

Lakini macho yake hayakuwa yanacheka. Alisema polepole kwamba anaona aibu kurudi kuomba kitu alichokikataa kwa mdomo wake. Aketch akamwambia haombi, anadai, na kama hawezi kutofautisha hayo mawili basi Jumatatu mtu mwingine atamnyoa yule mzee wake. Elisante akavuta kiti akakaa. Akasema, haya, nifundisheni.

Tukamfanyisha mazoezi. Aketch akashika kitana kama simu, akawa mama wa bima. Mara ya kwanza Elisante akaanza kwa kumjulia hali, na watoto, na baridi ya huko ofisini. Aketch akakata kitana. Mara ya pili akasema kama haitamsumbua mtu, na kama kuna kagari kadogo kamebaki ambako hakuna anayekataka. Aketch akakata. Mara ya tatu aliongea vizuri mpaka mwisho, halafu akaongeza kwamba hata wasipompa hatakasirika. Aketch aliweka kitana mezani akasema aki huyu mtu ataniua, akaenda kutuchemshia chai.

Ijumaa mchana akapiga simu ya kweli. Alisimama wima jikoni, simu ya ukutani kaishika kwa mikono miwili, shati kalifunga kifungo cha shingoni. Aketch kasimama huku, mimi huku. Mama wa bima akapokea. Elisante akasema, kwa Kiingereza chake kile cha darasani, kila neno limenyooka:

"Gari langu liligongwa na mtu wenu, na mmesema halitengenezeki. Nahitaji gari la kwendea kazini. Ni haki yangu, na nalihitaji kabla ya Jumatatu."

Akasikiliza. Sisi tukamsogelea. Nikaona jasho linateremka shingoni mwake, na nje Desemba ile.

Halafu uso wake ukalegea. Akafunika simu kwa kiganja, akatugeukia.

"Amesema sawa," akanong'ona. "Amesema alidhani sihitaji."

Basi. Hakuna vita, hakuna kesi ya kuku. Mama wa watu akaeleza kwamba gari atakaa nalo mpaka wamlipe thamani ya Corolla, na siku chache juu yake za kutafuta jingine. Akauliza kama gari la ukubwa wa kati litamfaa. Nikamwona Elisante anavuta pumzi, anataka kusema hata dogo linatosha, na Aketch akamkanyaga mguu. Litafaa, akasema.

Lilikuwa la kijani iliyoiva, jipya, linanukia kama duka la viatu. Jumapili baada ya ibada tulipiga nalo picha, kila mtu kaegemea mlango kama lake. Aketch alivaa miwani ya jua, na jua lenyewe halikuwepo. Picha ile bado ninayo. Aketch sasa yuko Texas, ana wajukuu. Elisante alirudi nyumbani zamani, analima tangawizi kule Same. Jengo lenyewe limevunjwa, wamejenga la vioo.

Jumatatu ile nilikuwa off, nikaenda naye. Nilimwambia naenda kumwangalia asipotee, lakini ukweli nilitaka kukalia kiti cha gari jipya. Tulifika Laurel kungali giza. Taa ya sebuleni ilikuwa inawaka. Bwana Whitlock alikuwa dirishani kwenye kiti chake, kavaa kofia, ndevu zimemtoka nyeupe kidevu kizima. Wikendi nzima walimpelekea mtu mwingine, na hakukubali wembe wake.

Tulipoingia hakusalimia. Aliangalia nje, akaliangalia lile gari muda mrefu.

"La nani hilo?" akauliza.

"Langu," Elisante akasema. "Mpaka watakaponilipa."

Mzee akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyesikia jibu la maana. Akasema mvua itanyesha. Elisante akasema haitanyesha, akavua koti, akaenda kuchemsha maji.

Nilikuwa na treni ya kuwahi kurudi nyumbani, lakini nilikaa kidogo mlangoni. Povu likapakwa. Mzee akainua kidevu chake mwenyewe, akafumba macho, na Elisante akaanza chini ya sikio, taratibu, kwa mkono usiotetemeka hata kidogo.