Nyuzi Ndani ya Tangi

Wifi yangu alisema tangi la samaki linafanana na maji ya kuoshea masufuria. Alisema hivyo miezi miwili baada ya kumzika kaka yake, akiwa amekaa kwenye kiti kile kile ambacho kaka yake alikuwa akikalia kulitazama.

Hakukosea sana. Tangi liko kona ya sebule, ambako dirisha linatazama ukuta wa jirani na mchana wake ni kama jioni. Mume wangu aliliweka pale kwa sababu pale ndipo palipokuwa na cherehani yake. Alitaka akiinua macho kutoka kwenye suruali za watu aone kitu kinachoogelea. Alichagua mimea isiyodai mwanga mwingi, ya majani mapana na mazito, akaiwekea taa ndogo, na kwa miaka yote lilipendeza. Mikononi mwangu likachakaa upesi. Kioo kilishika utando wa kijani, na samaki wakawa vivuli.

"Mwanao analeta kabati mwisho wa mwezi," wifi alisema. "Litakaa hapo. Daktari wa meno yuko tayari kuwachukua hawa. Wagonjwa wake wanasubiri zamu wakitetemeka, angalau wapate cha kutazama."

"Na mimi nitatazama nini?"

"Kabati."

Tukapatana. Likipendeza kabla ya mwisho wa mwezi, litabaki. Lisipopendeza, daktari atakuja na ndoo zake. Hakimu alijiteua mwenyewe, na sikumpinga, maana tangu ahamie kwangu kunipa kampani yeye ndiye hakimu wa kila kitu, hata chumvi.

Nilianza vizuri. Nilisugua kioo kwa kadi ngumu, nikabadilisha maji nusu, kisha nikatafuta bitana nyeusi kwenye mabaki ya vitambaa vya fundi wangu na kuitundika nyuma ya tangi kwa nje. Nyaya zikafichika, ukuta wenye madoa ukafichika, na samaki wekundu wakaonekana kama wamewashwa.

"Sasa wamevaa suti," wifi alisema. "Endelea."

Niliendelea, na hapo ndipo nilipoharibu.

Ndani ya tangi, kila mmea ulikuwa umekalia jiwe, na kila jiwe lilikuwa limezungushiwa uzi. Sasa, mke wa fundi cherehani anajua nyuzi. Kwa miaka thelathini na moja nimeziokota kwenye kola, kwenye mashuka, kwenye sahani, mara moja ndani ya kipande cha keki. Yule mtu alikuwa akitembea anadondosha nyuzi kama mti unavyodondosha majani. Nikajisemea, hata kwenye maji hakuweza kujizuia. Nikachukua mkasi wake mdogo nikazikata zote, huku namsema kimoyomoyo, na ilikuwa mara ya kwanza tangu aondoke kumsema bila kulia.

Mimea ikaelea. Nikaona haina akili, nikaichimbia kwenye changarawe moja moja, nikaifukia mpaka shingoni, kwa mistari.

"Utavuna lini?" wifi akauliza.

Siku ya kumi majani yakaanza kuchomoka yenyewe. Nilipovuta mmea mmoja, shina lilikuwa laini na linanuka. Wifi hakutania siku hiyo. Alisema tu kwamba daktari atapita Jumamosi, na akanimiminia chai. 

Nilifunga shina lililooza kwenye gazeti nikampelekea muuza samaki wa mapambo, aliyekuwa akimuuzia mume wangu. Alilifungua, akalinusa, akanitazama kama mtu aliyeletewa viatu vibovu vya rafiki yake.

"Mama, huu umeufukia?"

"Nimeupanda."

"Huu haupandwi. Mizizi ndiyo inayoshika. Shina likizikwa linaoza, lazima likae juu ya jiwe au kipande cha gogo. Mzee alikuwa akifunga kwa uzi mpaka mizizi ikamate. Mimi natumia mpira, na kila akija alinicheka kwamba nimevalisha mimea mikanda."

Nikamuuliza kama ninunue taa kubwa zaidi.

"Ukimwaga mwanga utafuga utando. Iache taa yako, iwashe muda wa saa sita kwa siku, inatosha."

Ijumaa nilikunja mikono ya gauni. Nilikata sehemu zilizooza. Mashina tisa yalikuwa bado magumu. Nilipoinua gogo la kati nikakuta jiwe moja ambalo mkasi haukulifikia. Uzi ulikuwa umezungushwa mara tatu, ukapita chini, ukakazwa shingoni, kama kinavyoshonwa kifungo cha koti. Fundo lile nalijua. Lipo kwenye nguo zangu zote.

 Kisha nikamwita wifi.

"Weka kidole hapa."

"Maji ya baridi haya."

"Kaka yako hakulalamika."

"Kaka yangu alikuwa na ngozi ya kobe." Lakini akaweka kidole, nami nikafunga. Tulifunga tisa. Mimea mirefu tukaiweka nyuma na pembeni, mifupi mbele ya gogo, na mbele kabisa tukaacha changarawe tupu ili samaki wapate uwanja. Wifi alitaka ijae. Nilimwambia hata koti linahitaji nafasi ya kwapa, akacheka mpaka akaachia jiwe.

Daktari wa meno alikuja Jumamosi na ndoo mbili. Akainama mbele ya tangi, akakaa hivyo muda mrefu, mpaka nikadhani mgongo umemkamata.

"Uzi huu mzuri," alisema. "Hauonekani mpaka uutafute."

"Ni wa suruali yako," nilimwambia. Ulikuwa uzi wa kijivu, uliobaki kwenye cherehani tangu mume wangu alipomshonea.

Akainua mguu akalitazama pindo lake, akaanza kulichokonoa kwa ukucha.

"Usivute," wifi alisema. "Aliyelishona harudi kulirekebisha." Kisha, bila kunitazama, akamrudishia ndoo moja mkononi, halafu ya pili. "Kabati litakaa chumbani kwangu. Nitalala nimelikumbatia, sina jinsi. Wagonjwa wako watazame dari."

Daktari alipoondoka, wifi alikalia kile kiti, akaegemea mbele, macho karibu yaguse kioo.

"Lile jiwe la kushoto limekaa upande," alisema.

Nilikunja tena mikono ya gauni.