Mfupa wa Mpiga Tarumbeta

Jino lilimtoka mpiga tarumbeta mbele ya maharusi, na hiyo ilikuwa mara ya pili.

Mara ya kwanza lilikuwa jino lake mwenyewe, la juu mbele, na aliyesababisha ni shemeji yake, mdogo wa mumewe, mpiga ngoma kubwa wa bendi. Shemeji alinogewa na wimbo, akageuka na mkono hewani, kirungu cha ngoma kikaigonga tarumbeta kwa mbele, nayo ikarudi nyuma na kumvunja jino hadi kwenye mzizi. Akatengenezewa jino la kuvaa na kuvua, na akapiga nalo miaka kadhaa huku akilishikilia kwa ulimi kama mtu anayeshikilia mlango usiofungika.

Sasa siku hiyo ya pili, maharusi ndio wanaingia ukumbini. Akaiondoa tarumbeta mdomoni apige ile kelele yake ya kuiamsha bendi, na jino likaruka kama bisi kwenye sufuria. Watu walimwona akitambaa chini ya meza, kisha akiinuka taratibu na kumwendea bwana harusi kwa adabu zote. Akamnong'oneza, huku amejiziba mdomo, kwamba kama haitakuwa usumbufu, angeomba aangalie kwenye mfuko wa koti lake, pale kwenye kitambaa. Bwana harusi akaingiza vidole, akatoa jino. Bibi harusi alicheka mpaka wanja ukamwagika mashavuni, na picha zote za siku ile zikatoka hivyo.

Jumatatu yake, mpiga tarumbeta alikuwa kwa daktari wa meno.

Daktari alikuwa mwanamke mchangamfu, mwenye miwani iliyoning'inia kifuani kwa uzi. Alitazama picha ya eksirei kwa muda, akaguna. Alieleza kwamba anaweza kumwekea jino la kudumu, lenye mzizi wa skrubu ndogo iliyopandwa ndani ya taya. Tatizo ni kwamba skrubu inataka mfupa wa kuishika, na mfupa wa pale ulikuwa umeondoka. Jino likikaa nje muda mrefu, mfupa wake hujiona hauna kazi, ukaanza kusinyaa. Wake ulikuwa umebaki mwembamba kama ukingo wa kisahani.

"Kwa hiyo ndiyo basi?" mpiga tarumbeta akauliza.

"Ndiyo basi kwa nani? Mfupa unaota, mama. Tutaubembeleza."

Neno hilo lilimwingia. Alirudi nyumbani anacheka peke yake barabarani, akamwambia mumewe, fundi wa friji, aliyekuwa amelala chali nyuma ya friji la mteja, kwamba wanakwenda kubembeleza mfupa. Mumewe akatoa kichwa, akauliza mfupa wenyewe unapenda nini.

Ulipenda mambo mengi, kumbe. Siku ya kuuanzishia, daktari alimchoma ganzi, akafungua ufizi kidogo, akajaza unga mweupe wa chembechembe kama chumvi ya mawe. Unga huo, alisema, ni kiunzi tu, kama miti ambayo mafundi hupanda wakijenga ghorofa. Mfupa wenyewe utakuja kwa miguu yake na kuupanda taratibu. Halafu akamtoa damu mkononi, akaizungusha kwenye kimashine hadi ikafanya utando wa njano kama jeli, akaufunika unga wote na utando ule, akashona. Mpiga tarumbeta, mdomo ukiwa wazi na nusu ya uso imekufa ganzi, alijisikia fahari isiyo na kifani. Damu yake mwenyewe imegeuzwa blanketi.

Kisha yakaja masharti. Ale laini, asikose mayai, maziwa na dagaa, apate jua la asubuhi, asafishe meno kama anayetegemea ugeni. Asivute sigara wala asikae kwenye moshi wa sigara. Na asipulize. Asipulize puto, asipulize jiko, na tarumbeta asiiguse kabisa hadi atakaporuhusiwa.

Moshi ulikuwa ni wa shemeji. Alivuta kwenye gari la bendi, alivuta mazoezini, alivuta akingoja kuvuta. Tangu siku ya kirungu alikuwa na deni moyoni ambalo hakujua alilipe vipi. Aliposikia sharti hilo, akaikabidhi pakiti yake kwa kaka yake na kuanza kutafuna karoti. Alitafuna karoti nyingi kiasi kwamba bendi nzima ilijua amefika kabla hajaonekana. Na kwa kuwa mke wa kaka yake hakuruhusiwa kupuliza, akamkabidhi ngoma kubwa, yeye mwenyewe akashika njuga. Ndipo ilipogundulika kwamba mpiga tarumbeta akipewa ngoma haachi kitu kizima. Aliipiga kwa furaha ya mtu aliyeonewa, wateja wakawa wanauliza kama yule mama wa ngoma atakuwepo.

Lakini tarumbeta ilikuwa pale, juu ya kabati, inamtazama.

Mchana mmoja, nyumba ikiwa tupu, akaishusha apate tu kuifuta vumbi. Akaifuta. Akaona vali zimekuwa nzito, akazitia mafuta. Kisha akajiambia kwamba akigusisha midomo tu, bila kukandamiza, mfupa hautajua. Akapuliza noti moja, ndogo, kama mtu anayegonga mlango wa mtoto aliyelala. Utamu uliompata ulimshuka hadi kwenye nyayo. Akapuliza ya pili.

Ndipo aliposikia kitu kwenye ulimi. Akakitemea kiganjani. Chembe moja nyeupe, kama chumvi ya mawe.

Aliona ghorofa zima limeporomoka, kiunzi, mafundi na blanketi. Akairudisha tarumbeta juu ya kabati, akajifunga kitenge, akatoka mbio, na mlangoni akamkuta mumewe ameketi kwenye ngazi na sanduku lake la vifaa, anatabasamu na hewa. Hakumuuliza amefika saa ngapi. Mumewe aliitazama ile chembe kiganjani mwake, akasimama, akamsindikiza hadi kliniki. Njiani tu, wakivuka barabara, ndipo aliposema, "Ya pili ilikuwa chini kidogo."

"Nini?"

"Noti ya pili, mke wangu. Ilishuka."

Alitaka kulia, akajikuta anacheka, na walifika kwa daktari wote wawili wamejishika mbavu kama waliokimbizwa.

Daktari hakucheka. Alimkalisha, akawasha taa, akachungulia kwa muda ambao ulimtosha mpiga tarumbeta kuahidi mambo mengi moyoni, mengine hayawezekani. Mwishowe akaeleza kwamba chembe moja mbili hutoka hata kwa mtu aliyetulia. Mshono umekaza, ufizi ni mzuri. Lakini akavua miwani kabisa.

"Mama, mfupa ukiwa mchanga unataka utulivu. Ukiutikisa, pale panaota nyama laini badala ya mfupa, na skrubu haishiki nyama. Hiyo tarumbeta iko wapi?"

"Juu ya kabati."

"Ipelekeni kwa jirani."

Ikaenda kwa shemeji, ambaye aliifungia ndani ya friji bovu alilopewa na kaka yake, na ufunguo akautundika shingoni.

Miezi ikapita. Mfupa uliota. Picha mpya ilionyesha pale palipokuwa kisahani pamenenepa, pana wingu jeupe la maana, na daktari akaipanda skrubu na kuufunga ufizi juu yake. Ikabidi kungoja tena, safari hii mfupa uikumbatie skrubu, uingie kwenye ile mifereji inayoizunguka na kuganda humo. Mpiga tarumbeta alingoja kwa kuimba. Aliimba akikaanga mayai, aliimba akipiga ngoma, na mumewe akawa anawaambia wateja kwamba nyumbani wana mimba ya mfupa.

Siku ya kupima walikwenda watatu. Shemeji alisimama ukutani na karoti yake mkononi, ameagizwa asiitafune humo ndani. Daktari aliufungua ufizi kidogo, akageuza mpini wa kioo chake kidogo cha kuangalia meno, akasema kwamba skrubu iliyoshikwa huimba, isiyoshikwa hutoa mlio wa kopo. Akagonga.

Ting.

Ulikuwa mlio safi, mdogo, unaoingia hadi nyuma ya macho.

"Tena," akasema mpiga tarumbeta, mdomo wazi, neno likatoka kama kilio cha ndama.

Ting. Akaomba tena. Daktari akagonga tena, kicheko kikaanza kumpanda mabegani. Kisha akachukua kifaa cha kupimia nguvu, akakaza, skrubu haikusogea hata unywele. Akawageuzia picha: mfupa mweupe umeizunguka skrubu juu hadi chini, umeingia kila upenyo. Shemeji aliinama kuitazama kwa karibu, na alipoinuka macho yalikuwa mekundu. Alisema ni karoti, zinakausha koo. Hakuna aliyembishia. Mpiga tarumbeta alimshika mkono tu, akaubana.

Jino jipya lilipofungwa na ruhusa ikatoka, ya dakika chache chache kwanza, bendi ilikusanyika kwenye ukumbi wa mazoezi. Akaweka midomo. Ilitoka sauti ya mbuzi anayekanyagwa mkia. Midomo ilikuwa imesahau kila kitu. Wakacheka wote, naye akacheka zaidi yao, na ugumu wa kucheka ni kwamba huwezi kupuliza; kila akijaribu, mashavu yanapasuka kicheko. Mumewe akamshikia tarumbeta, akamsubiri, akamrudishia.

Mara ya tano au ya sita noti ilinyooka. Ilipanda, ikakaa, haikuyumba, na jino likakaa nalo, kimya, kama lililozaliwa hapo. Shemeji hakungoja kuambiwa. Akaikumbatia ngoma yake na kuipiga, akiiweka mikono yake mbali na kila mtu, na bendi ikamfuata hadi nje uani, ambako hapakuwa na harusi wala sherehe yoyote. Mama mmoja aliyekuwa akianika nguo alidondosha shuka, akaliokota na kuanza kucheza nalo. Fundi wa friji alitazama saa, akapaza sauti kwamba dakika zimekwisha, daktari alisema. Mkewe alimwona, akamkonyeza, akamalizia ubeti.