Nyumba Tatu za Febby

Wewe unayenisikiliza, niambie hii: iko inalala mbele ya mulango wangu, mvua na jua, haijaamuka hata siku moja, lakini ndiyo ilibeba watoto wangu wote. Ni nini?

Usiseme bado. Febby, mujukuu wangu, nilimutegea asubuhi ile, akanyamaza. Yeye ambaye tangu utoto hakuna fumbo lilimushinda.

Ulikuwa mwezi wa pili, mwaka wa tisini na nane. Uvuvi ulikuwa umefungwa, kama kila mwaka samaki wanapozaa, na Nchelenge yote ilikuwa imechoka kwa kukaa. Tulikuwa jikoni tukishona nyavu, mimi, Febby na Mama Suzanne, mufanyabiashara wa Kilwa, ng'ambo ya ziwa, upande wa Congo. Alileta sabuni, mvua ikamufunga kwangu, sasa ni siku ya tatu. Macho yalikuwa yananiuma kwa moshi wa miaka mingi. Mugongo, tusiuongelee.

Katikati yetu kulikuwa karatasi. Chuo kimoja kikubwa cha Copperbelt kilimukubali Febby, wa kwanza katika nyumba yetu, kikatuma ramani ya kiwanja chake pamoja na fomu. Wanafunzi wapya wana nyumba tatu za kulala, kila mumoja achague yake. Saa nane Ba Lackson, mwalimu wake, angepanda gari ya Mansa na ile fomu. Ikikosa kufika, ofisi ingemutupa popote penye kitanda.

Nyumba ya kwanza iko ku geti, basi zinasimama mbele yake. Ya pili iko karibu na jiko. Ya tatu iko nyuma kabisa, kwenye miti. Kutoka kule mpaka darasani ni nusu saa kwa miguu, na mayi ya bomba hayapandi ku etaji, kule gorofa ya juu.

"Upepo unatoka upande gani hapa?" nikauliza.

"Kambo, karatasi haina upepo." Febby ananiita hivyo, mimi bibi yake.

"Basi aliyeichora hajajenga kitu."

Kwetu, mutu akifungua kambi ya uvuvi, kwanza anaangalia moshi unaenda wapi. Anayelala upande wa moshi anakohoa mpaka masika.

"Bon," Mama Suzanne akasema, "mwenye akili analala karibu na sufuria."

"Ndiyo maana uko kwangu siku ya tatu."

Akacheka, akachukua muhogo mwingine.

Nikatwaa jiwe la wavu, nikaliweka juu ya nyumba ya geti. "Hapa. Ukigonjwa, unatoka mulangoni unapanda basi. Nikigonjwa mimi, mutu anashuka basi anakuita, haulizi njia."

Febby akalisukuma jiwe mpaka ku miti. Nikalirudisha. Akalisukuma tena.

"Juu ya nini ukalale porini, mutoto wangu?"

Akainama ku wavu. Alikuwa anafunga fundo ambalo lilikwisha kufungwa.

"Kuko kijana kule nyuma," Mama Suzanne akasema.

"Mama Suzanne, hata mulinzi wa kule simujui," Febby akasema.

Nikauliza mara ya pili. Akavuta uzi. Hapo nikasikia uchovu umepanda toka miguuni. Mama yake aliondoka Febby ana miaka sita, akasema anaenda kutafuta kazi Lusaka, hajarudi. Tangu siku ile tuko wawili. Alipopelekwa bweni Mansa, gredi ya nane, alirudi kabla ya wiki mbili, juu ya lori ya samaki, akasema chakula kibaya. Nilifurahi, nisidanganye. Akamalizia masomo hapa hapa.

"Weka unapotaka," nikamwambia. "Nimechoka."

Mvua ikapungua. Nje tukasikia kengele ya baiskeli, ni Ba Lackson, amefunga nailoni kichwani. Febby akachukua kalamu, akaweka alama ku nyumba ya miti, akakunja fomu, akamupelekea. Alirudi miguu imejaa matope, akakaa karibu yangu, akavuta upande wa wavu wangu kwenye magoti yake.

"Ni barabara, Kambo," akasema. "Fumbo lako. Kule Mansa dirisha letu lilikuwa linaiangalia. Kila asubuhi kondakta anaita, Nchelenge, Nchelenge. Nilivumilia siku kumi na moja, halafu nikapanda ile lori. Chakula kilikuwa kizuri. Hii ya miti, barabara haionekani."