Mlango Unaofungwa kwa Ndani

Mimi na wifi yangu hatupendani, na sina sababu ya kuficha. Kaka yangu, dereva wa malori ya masafa marefu, alimleta nyumbani miaka tisa iliyopita, na tangu siku ile yule mwanamke ananitazama kama fundi anavyotazama ukuta uliopinda. Nami namtazama vivyo hivyo. Tukikutana tunatoleana meno tu.

Kwa hiyo mkurugenzi wa kampuni ya bima aliponiita nimtengenezee upya ofisi yake, nami nikijua wifi anafanya kazi hapohapo, nilifurahi mara mbili. Mimi ni mbunifu wa ofisi. Napanga meza, taa, kuta na njia za kupita. Tangu mkurugenzi awaruhusu watu wafanyie kazi nyumbani, ghorofa mbili nzima zilibaki na vumbi na mlinzi anayesinzia.

"Nikiwalazimisha, watakuja na miili tu," aliniambia. "Nataka waje wenyewe, tena mbio."

Tukapatana: nikimaliza, watu wataijaribu ofisi mwezi mmoja, na kabla haujaisha kila mtu atajaza fomu ya kuchagua. Wengi wakichagua ofisi, napewa matawi yake yote sita. Wakichagua nyumbani, sina changu. Na wifi ndiye mkuu wa kitengo cha malalamiko, ana watu kumi na wanne wanaomfuata popote. Akikataa yeye, wamekataa wote.

Nina desturi yangu ya kazi. Kabla sijachora hata mstari mmoja, naenda kushinda siku nzima nyumbani kwa mfanyakazi, na daftari na futi ya kupimia. Naandika anakaa wapi, anainuka mara ngapi, mwanga unatokea upande gani. Wenzangu wananicheka, lakini mimi siwezi kushindana na nyumba nisiyoijua. Safari hii nilichagua nyumba ya wifi, na niseme ukweli, sikwenda kupima. Nilikwenda kumkamata. Nilikuwa na hakika kwamba analala mpaka saa nne na kushinda kwenye tamthilia.

Nikabisha hodi saa mbili asubuhi.

"Karibu, mgeni," alisema.

Mgeni! Katika nyumba ya kaka yangu, anamoishi mama yangu mzazi! Mama alipata kiharusi miaka mitatu iliyopita, upande wa kulia ukapooza wote. Anaishi kwa kaka kwa sababu kaka ana chumba cha ziada, na mimi nina kazi. Huo ndio mpango tuliokubaliana, au tuseme niliupanga mimi na hakuna aliyeupinga kwa sauti.

Meza ya wifi ilikuwa kwenye korido, imebanwa kati ya kabati la mashuka na mlango wa chumba cha mama. Nikaandika: mwanga hafifu, nafasi ya kupita sentimita sitini, kiti kimegeuzwa upande, shingo itamuuma. Kisha nikahesabu. Mpaka adhuhuri alikuwa ameinuka mara ishirini na tatu. Mama akitaka kitu anagonga kitanda kwa kijiko. Kijiko kikilia, wifi anamwambia mteja kwenye simu, "Nisubiri kidogo, mzee wangu," anaingia, anamgeuza mama, anamfuta, anamnywesha maji, anarudi. "Samahani mzee wangu, tuendelee." Hakulala hata dakika moja. Hilo liliniudhi kuliko kama ningemkuta anakoroma.

Na mimi? Nilimsalimia mama nikiwa mlangoni. Aliponinyooshea mkono wa kushoto, nikamwonyesha daftari, nikamwambia niko kazini.

Jioni nikamuuliza wifi swali ninalomuuliza kila mtu mwisho wa siku. "Ofisi iwe na nini ndiyo uipende kuliko hapa?"

Alikuwa anakunja shuka. "Mlango unaofungwa kwa ndani."

"Na kingine?"

"Mtu asinigongee."

"Unanipiga vijembe, wifi?"

"Umeuliza, nimejibu. Andika, si ndiyo kazi yako?"

Nikaandika. Kijembe nilikimeza, lakini jibu lenyewe nililijua kuwa ni dhahabu. Mkurugenzi alitaka meza za kuchezea, mito ya kukalia na mashine kubwa ya kahawa. Nikamtolea uvivu: "Bosi, hawa watu hawajakosa michezo. Wamekosa pa kukaa bila kuitwa." Nikabomoa ghorofa ya juu, nikajenga vyumba vidogo vidogo, kila kimoja na dirisha, kiti cha maana, kuta zenye sponji nene la kumeza sauti, na komeo la shaba kwa ndani. Juu ya kila mlango nikaweka taa. Ikiwaka nyekundu, hakuna kugonga, hata mkurugenzi. Chumba cha kona nilikipima kwa kimo cha wifi, kuanzia meza mpaka kigoda cha miguu. Si kwa mapenzi. Nilitaka aingie, akae, akiri mbele za watu kwamba nimemweza.

Watu wakaja, kila wiki wengi zaidi. Wifi hakutia mguu. Siku nne kabla ya mwezi kuisha nikashindwa kuvumilia, nikampigia simu.

"Wifi, unamtumia mama yangu kama kisingizio cha kukaa nyumbani. Mungu anakuona."

"Kisingizio?" alisema. "Haya. Kesho nakuja."

Alifika kabla ya saa mbili, amependeza kuliko nilivyowahi kumwona. Nikampeleka mwenyewe kwenye chumba cha kona. Akakaa. Akaegemea, akafumba macho, na uso wake ukalegea taratibu. Ndipo nilipoona kumbe ni mdogo kwangu kwa miaka mingi.

"Umepatia," alisema. "Kila kitu umepatia."

"Kwa hiyo unachagua ofisi?"

"Nimeshajaza fomu pale mapokezi. Na watu wangu wote wamejaza."

Nilikuwa nimeshinda. Nikawa natafuta neno la kumkata maini, ndipo likanijia swali ambalo lilipaswa kunijia tangu siku ya daftari.

"Mama yuko na nani?"

Akatoa ufunguo wa nyumba, akanitia kiganjani. "Jirani. Mpaka saa tatu tu, halafu anaenda zake. Saa tatu na nusu mama yako anageuzwa."

"Huna haya wewe! Kaka anajua?"

"Anajua. Kasema dada yupo."

"Nina matawi sita ya kutengeneza!"

"Na mimi nina kazi, wifi." Ni maneno yangu, aliyasema kwa sauti yangu. "Utafanyia nyumbani. Meza iko palepale. Ila kiti usikinyooshe, ukikinyoosha humwoni kitandani. Niliona daftarini umeandika shingo itaniuma, hukuuliza kwa nini nimekigeuza."

Akanisukuma nje kwa viganja viwili, bila haraka, akafunga mlango. Nikasikia komeo likiingia, na taa ikawaka nyekundu juu ya kichwa changu. Niliinua mkono nigonge. Watu kwenye korido waligeuka kunitazama, wote wanaijua sheria na aliyeitunga. Nikamtukana kwa nguvu. Sponji lilifanya kazi yake, nililichagua mwenyewe.

Saa tatu kasoro robo nilikuwa njiani.

Sasa matawi sita nayachorea pale kwenye korido, kiti nimekigeuza upande. Mkurugenzi akipiga simu kunisifu, kijiko kinalia. "Nisubiri kidogo, bosi." Shingo inaniuma kweli. Jana nilihesabu mara thelathini na moja, na nusu ya hizo mama hakuwa na shida yoyote, alininyooshea tu mkono wa kushoto. Nikaushika.

Wifi bado simpendi.