Namba Kumi na Tatu, Kitambulisho Kimoja

Tangu asubuhi Léocadie alikuwa akipepeta mchele na kusema peke yake. Akina mama wenzake wa soko dogo la Buterere walidhani anasali, na kweli nusu ilikuwa sala. Nusu nyingine ilikuwa hotuba ya dakika tatu. Kila alipofika kwenye maneno "usalama wa taifa" alikwama, akaanza upya.

Jioni ile darasa la watu wazima, lililokuwa likikutana kwenye ukumbi wa parokia saa kumi na moja na nusu, lilikuwa na mtihani wa kusema. Mwaka uliopita Léocadie alisimama mbele ya wenzake, akafungua mdomo, halafu neno halikutoka. Alipewa sifuri. Na sheria ya darasa kila mtu aliijua: anayeanguka mtihani huo mara mbili anaacha kiti, kwa maana nje kuna watu ishirini waliojiandikisha wakingoja. Alikuwa na miaka arobaini na minne. Kiti kile cha benchi la tatu, karibu na dirisha, alikuwa amekiombea miaka sita kabla ya kukipata.

"Bwana," alisema, huku pumba zikimrukia usoni, "Musa alikuwa mzito wa kusema, ukampa Haruni. Mimi sina Haruni. Nipe mdomo tu."

Alipoingia ukumbini mabenchi yalikuwa yamejaa. Hata wasiosoma pale walikuja, akiwemo binti yake Bella, mwenye miaka kumi na saba, aliyekaa nyuma kabisa akijifanya hamjui mama yake. Ubaoni Mwalimu Médiatrice alikuwa ameandika kwa herufi kubwa: *Kila namba ya simu iandikwe kwa jina la anayeitumia, kwa usalama wa nchi, NA mwenye miaka kumi na sita apige kura.*

Wiki ile redio ilikuwa imejaa mijadala hiyo miwili. Darasa lilishindwa kuchagua mmoja, na mwalimu, aliyechoka na kelele zao, akaiandika yote.

"Mwalimu," alisema Namegabe, "hizo ni mbuzi mbili umefunga kamba moja. Moja itaenda huku, ingine kule."

"Basi leo utakuwa mchungaji," mwalimu akamjibu, na watu wakacheka.

Namegabe alikuwa fundi cherehani kutoka Uvira, mwenye ulimi ambao ungeweza kumuuzia samaki maji. Upande mtu hakuchagua. Alipewa kwa kura. Namegabe alikuwa amepewa kupinga. Léocadie alikuwa amepewa kuunga mkono.

"Mama Bella, karibu mbele," mwalimu akasema.

Akasimama. Ukumbi ukanyamaza, na ule ukimya wa mwaka jana ukaanza kumpanda kutoka miguuni. Akashika msalaba wa rozari mfukoni. Halafu sauti yake ikatoka, nyembamba, lakini ikatoka.

"Waheshimiwa. Simu isiyo na jina ni kama mtu anayebisha mlangoni usiku na hataki kusema yeye ni nani."

Mtu mmoja akasema, "Eeh," kwa kukubali. Neno moja likavuta lingine. Akaeleza juu ya wezi wanaopiga simu wakijifanya wajumbe wa bahati nasibu. Akaeleza juu ya uongo unaotumwa kwa watu elfu kwa saa moja na kutia jirani hofu ya jirani. Alijisikia mwepesi kama mtu aliyetuliwa mzigo kichwani. Lakini alipofika kwenye kura ya vijana, maneno yakaisha. "Na mtoto wa miaka kumi na sita, naye, ana... ana akili yake." Akaketi. Watu walipiga makofi, lakini aliona mwalimu akiandika kitu na kukaza midomo.

Namegabe akaja mbele akivuta koti lake.

"Mi nawauliza kitu kimoja," akaanza. "Mwaka ule maji yalipoingia hapa Buterere, vitambulisho vyetu vilienda wapi? Vyangu vilienda kutembelea ziwa, havijarudi mpaka leo. Halafu tukaambiwa, namba isiyoandikishwa itakatwa. Serikali ikitaka jina kwa kila namba, ianze kwanza kutukaushia makaratasi." Ukumbi ukavuma kwa vicheko. "Na kura kwa watoto? Mwanangu ana miaka kumi na sita. Jana nilimutuma uzi mweusi, akaniletea bluu. Huyo achague mbunge?"

Mabenchi yaligongwa. Sheria ilimpa kila mmoja swali moja kwa mwenzake, na mwenzake alilazimika kujibu. Namegabe akageuka, akitabasamu kama anayeficha peremende nyuma ya mgongo.

"Dada Léocadie. Ni namba ngapi ziko kwa jina lako?"

Hapo vicheko vikakatika kimoja kimoja.

Kwa maana mwaka ule wa maji, kitambulisho cha Léocadie hakikulowa. Kilikuwa ndani ya Biblia, na Biblia ndani ya mfuko wa plastiki, na mfuko juu ya kabati. Wenzake wa kikundi cha sala walikuja na simu zao mikononi, na yeye akasimama nao kwenye foleni siku nzima, akiandikisha namba moja baada ya nyingine kwa jina lake. Aliona ni kazi ya huruma tu, kama kugawa unga. Wanne kati yao walikuwa wamekaa mle ukumbini, na mmoja ndiye huyu aliyeuliza.

Léocadie akaushika tena msalaba mfukoni. Angeweza kusema mbili. Hakuna ambaye angemwumbua; Namegabe mwenyewe angecheka na kuketi. Alimwona Bella nyuma, ameacha kujifanya, amesimama. Akasema moyoni, Bwana, mdomo nilioomba ni huu, nisiutumie kwa uongo.

"Kumi na tatu," akasema.

Watu wakapumua kwa pamoja.

"Na ya kwako ni ya saba, ndugu yangu. Nawajua kwa mpangilio kwa sababu nawaombea kila asubuhi kwa majina, kumi na mbili na mimi wa kumi na tatu. Nilidhani kuwaombea kunatosha. Lakini wiki iliyopita nilimpigia mzee Shakuru wa Ruziba, mmoja wa hao kumi na wawili, nimjulie hali ya goti lake. Akapokea mtu nisiyemjua. Aliniambia, 'We nani?' Mimi, mwenye jina, naulizwa ni nani." Sauti yake haikuwa nyembamba tena. "Shakuru aliuza simu na kadi ikiwa ndani. Leo kuna mtu anatembea mjini na jina langu mfukoni. Akitukana, nimetukana. Akiiba, nimeiba. Sijalala vizuri tangu siku ile na sijamwambia mtu. Sasa nawaambia ninyi. Siungi mkono kwa sababu nilipewa upande huu. Naunga mkono kwa sababu naogopa."

"Na hoja ya pili?" mwalimu akauliza polepole. Kalamu yake ilikuwa imesimama.

Léocadie akageukia ubao. Akaitazama ile NA kubwa, na ghafla akaona kamba ya zile mbuzi mbili. Akataka kucheka.

"Namba ya pili ni ya Bella wangu," akasema. "Ana kitambulisho chake. Alikipata alipofika miaka kumi na sita, kama kila kijana wa nchi hii. Kwa nini namba yake iko kwangu? Kwa sababu nilimwona bado mtoto. Kesho namba itakuwa yake. Akituma ubaya, polisi hawataniita mimi, watamwita yeye kwa jina lake. Basi nauliza: nchi inayoweza kumwita kwa jina lake aje kujibu, kwa nini isimwite kwa jina lake aje kusema? Kama jina lake linatosha kwa lawama, linatosha kwa kura."

Sasa ndipo ukumbi ulipolipuka. Mama mmoja alipiga vigelegele. Namegabe alibaki ameinua kidole cha kusema kitu, akakitazama, akakirudisha mfukoni.

Kisha darasa likapiga kura kwa miguu: wa kuunga dirishani, wa kupinga mlangoni. Walisukumana, wakarudi, wakahesabiwa mara mbili. Dirishani kumi na sita, mlangoni kumi na wanane.

"Wengi mlangoni wanatumia namba za mashemeji," Namegabe akamnong'oneza Léocadie. "Wanaogopa foleni, si wewe."

Mwalimu Médiatrice akafungua daftari. "Mjadala umeupoteza, Mama Bella," akasema. "Mtihani umeupata. Kumi na saba kwa ishirini. Kiti ni chako."

Léocadie alirudi kwenye benchi la tatu, akaweka viganja vyote viwili juu ya mbao zake, na hakuweza kusali neno lolote zaidi ya asante.

Asubuhi yake walikuwa foleni mbele ya kibanda cha wakala wa simu, yeye mbele, Bella na kitambulisho chake nyuma yake. Namba ya Shakuru ndiyo aliyoifunga kwanza. Wa mwisho alikuja Namegabe na karatasi mpya, ambazo kumbe alikuwa nazo tangu mwezi uliopita, uso umemshuka kama aliyefiwa.

"Unalia nini?" Léocadie akamwuliza.

"Wateja wakinitumia pesa ya suruali, simu inawaandikia Léocadie. Miaka mitatu wananiita Mama Léocadie. Mi nimeshazoea, dada."

"Utazoea na Namegabe," akamwambia, akimsogeza dirishani kwa bega. "Mimi nitaendelea kukuombea. Wa saba ni wa saba."